Haongezi Wala Hapunguzi: Mkalimani wa Viziwi Katikati ya Wataalamu wa Utamaduni

Saa mbili kasoro asubuhi, ukumbi wa mikutano wa wizara bado unanukia dawa ya kusafishia sakafu. Wataalamu hawajafika. Mwanamke mmoja aliyevaa nyeusi tupu anabeba chombo cha maua kutoka katikati ya meza kubwa na kukiweka chini, karibu na pazia.

"Mama Mikono, maua yamekukosea nini tena?" anauliza mhudumu wa ukumbi, ambaye ameyapanga sasa hivi.

"Hayajanikosea kitu, mdogo wangu. Yamekaa mbele ya mdomo wa mtu."

Mhudumu anacheka na kuendelea kupanga glasi. Wamevutana hivi tangu kamati ianze vikao vyake, huyu anaweka, yule anaondoa, na hakuna aliyewahi kununa. Mama Mikono sasa amegeukia viti. Kimoja kimewekwa kikipa dirisha mgongo, naye anakivuta hadi ng'ambo ya pili ya meza, kwa sababu mtu akikaa na mwanga nyuma yake uso wake unakuwa giza, na katika lugha ya alama uso ni nusu ya maneno.

Kisha anavua saa na pete na kuvitia mkobani. Kucha zake fupi hazina rangi. Nguo nyeusi haivai kwa msiba wala kwa mapambo, anaivaa ili mikono yake ionekane vizuri, na kabati lake nyumbani, kwa maneno yake mwenyewe, "linafanana na la mjane aliyekufiwa na waume sita."

Kazi yake ni ukalimani wa lugha ya alama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa amekuwa akikaa katika kamati ya wataalamu iliyopewa jukumu la kuandaa malengo ya sera mpya ya taifa ya utamaduni. Mwenyekiti ni mama mmoja, profesa wa historia. Wamo pia mtaalamu wa muziki, msanifu wa majengo, mchongaji, mwanasheria na mzee mmoja bingwa wa fasihi simulizi, ambaye wanafunzi wake walimbatiza Babu Ngano. Halafu yumo Mwalimu.

Mwalimu ni kiziwi tangu utotoni. Amefundisha maigizo katika shule ya viziwi kwa karibu miaka thelathini, na vikundi vyake vimecheza jukwaani mbele ya watu wasiojua hata alama moja wakatoka wanafuta machozi. Aliteuliwa katika kamati kwa utaalamu huo. Mama Mikono aliitwa ili maneno yake yafike.

Leo ni siku nzito kwa wote wawili. Malengo ya sera yanasomwa kwa mara ya mwisho kabla ya kupelekwa juu, na bado haijulikani lugha ya alama itaingia kwa mlango gani. Kamati iliiweka katika lengo la kwanza, pamoja na lugha nyingine za taifa zinazopaswa kulindwa, kufundishwa na kurithishwa. Maofisa wa wizara wameleta maoni kwamba irudishwe ilikokuwa kwenye rasimu ya kwanza: sura ya tisa, huduma kwa watu wenye mahitaji maalumu.

"Sura ya tisa si mbaya," anasema Mama Mikono akinyoosha vidole, kimoja kimoja, kama afanyavyo kila asubuhi. "Ina njia za viti vya magurudumu, ina vyoo vyenye vishikio. Vitu vya maana hivyo. Lakini lugha ya mama yangu si choo."

Anatazama mlangoni. Mama yake mwenyewe atakuja leo, amealikwa pamoja na wageni wengine kushuhudia usomaji. Ana umri wa miaka sabini na mmoja, ni kiziwi, na mtoto wa jicho ameshamfunika jicho la kushoto na sasa analinyemelea la kulia.

"Daktari amempangia upasuaji, foleni ni ndefu," anasema. "Kwa hiyo mimi naomba kitu kimoja tu. Kama kitasomwa kinachomhusu, kisomwe wakati bado anaona."

Mtu akikutana na wawili hawa kwa mara ya kwanza hujikanganya, na mwandishi wa makala haya hakusalimika. Wakati wa chai, alimwomba Mwalimu ajitambulishe. Mwalimu alisogeza mikono, na Mama Mikono, mwenye nywele zilizosukwa na sauti nyororo, akasema bila kupepesa: "Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minne, nina upara, na mke wangu ananidai mlango wa jiko tangu mwaka jana."

Ndivyo kazi inavyotaka. Mkalimani hasemi "amesema hivi" wala "anadai vile". Anasema "mimi", na huyo "mimi" si yeye. Kiziwi akikasirika, sauti ya mkalimani inakasirika. Akitania, inatania. Na mtu mwenye kusikia akitukana, mikono ya mkalimani inatukana vilevile, hata kama anayetukanwa ni rafiki yake wa miaka ishirini.

"Usiongeze, usipunguze," anasema. "Hiyo ndiyo sheria yetu, na mimi sikuipata chuoni. Niliipata jikoni kwetu."

Alizaliwa na wazazi viziwi wote wawili. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake fundi cherehani, na yeye ndiye mtoto wa kwanza mwenye kusikia. Alipoanza kusimama vizuri alikuwa ameshaajiriwa. Akiwa na miaka sita alikuwa akizungumza na wateja. Akiwa na miaka minane alikaa kwenye kiti kati ya daktari na mama yake, miguu haifiki chini, akafasiri habari za ugonjwa wa baba yake ambao hata jina lake hakulijua.

"Daktari alisema baba hatapona. Nikageuka nikamwambia mama kwa mikono hii. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia."

Anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Sheria yenyewe ilikuja mwaka uliofuata, siku mwenye nyumba alipofika mlangoni akiwa na hasira. Alimwita mama yake bubu, mtu asiye na akili ya kuishi na watu. Mtoto aliona aibu kuyabeba maneno yale. Akamwambia mama yake: mwenye nyumba anasalimia, anasema tafadhali tuzime taa mapema.

Mama yake hakuwa mjinga. Alikuwa amemtazama yule bwana usoni muda wote, na uso wa mtu anayesalimia aliujua. Alimsubiri aondoke, akamkalisha binti yake kwenye kiti cha cherehani.

"Aliniambia, mwanangu, ukinipunguzia maneno unanifanya mdogo. Ukiniongezea unanifanya mwingine. Nipe yote kama yalivyo, kuuma kwake nitajua mwenyewe." Mama Mikono anaitengeneza sentensi hiyo kwa mikono tena, pole, kama mtu anayerudia dua. "Basi nikampa yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumfuata yule bwana, mimi nyuma yake natafsiri. Hakuwahi kumwita bubu tena."

Alisomea cheti cha ukalimani akiwa tayari mama wa watoto wawili. Hata hivyo kazi haiko kila siku. Mwezi mzuri anaitwa siku nane au tisa, mahakamani, hospitalini, kwenye harusi za viziwi. Mwezi mbaya simu hailii kabisa, naye anarudi kwenye cherehani ya mama yake kushona sare za shule. Wakalimani wenye cheti nchi nzima, anasema, hawajazi basi moja dogo, na dereva bado angepiga debe kutafuta abiria.

Ndiyo maana wito wa kamati ulipokuja, aliuona kama bahati. Kwa kawaida wakalimani huwa wawili na hupokezana kila baada ya dakika ishirini, kwa kuwa ubongo huchoka kabla ya mikono. Mwenzake ni baba wa makamo aliyejifunza lugha hiyo kwa jirani yake, mtu wa maneno machache na kikohozi kimoja anachokitumia kama kengele ya zamu.

Vikao vya mwanzo vilikuwa na vituko. Mwalimu akichangia hoja kwa mikono, wajumbe wote walimtazama mkalimani, kwa sababu sauti ilitoka kwake. Akimaliza, walimshukuru yeye. "Ahsante dada kwa mchango wako mzuri," mtaalamu wa muziki alimwambia mara tatu katika siku moja. Msanifu wa majengo alimfuata nje kumwomba aandike makala kuhusu yale mawazo yake ya jukwaa la duara.

Muhtasari wa kikao cha pili ulipotoka, kila hoja ya Mwalimu ilikuwa imeandikwa: "Mkalimani alishauri." Ukurasa mzima, mkalimani alishauri, mkalimani alipendekeza, mkalimani alitahadharisha.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Mwalimu, kwa sauti ya Mama Mikono. "Nikamwambia, hongera, wewe ndiye mtaalamu. Mimi inaonekana naletwa hapa kukusindikiza."

Mama Mikono hakucheka. Alimfuata mwandishi wa mihtasari, dada mmoja mchapakazi, akamweleza kwa upole, na yule dada akasahihisha yote siku hiyohiyo huku akiomba radhi. Lakini macho ya wajumbe yalikuwa hayajasahihishwa. Yaliendelea kumtazama yeye.

Ndipo ikafika siku ya kujadili lengo la kwanza. Mwalimu alitoa hoja yake: lugha ya alama ihesabiwe miongoni mwa lugha za utamaduni wa taifa. Babu Ngano akaipinga, na Babu Ngano akipinga jambo katika kamati hiyo, jambo hilo lina kazi kupita. Si mtu wa ubaya. Ni mzee mnene mcheshi aliyezunguka na kinasa sauti nusu ya maisha yake akikusanya hadithi kwa watu, na anayoyasema huyasema kwa uthibitisho.

Alieleza kwamba lugha ya utamaduni ina hazina ndani yake. Ina ngano, ina vitendawili, ina utani unaopita kutoka kizazi hadi kizazi. Lugha ya alama, kwa alivyoielewa, ilikuwa chombo chema cha kuwasilishia mambo ya lugha nyingine. Kisha akamgeukia Mama Mikono. "Wewe dada, lugha hizi zote mbili unazijua. Hebu tuambie kwa ukweli, unaonaje?"

Ukumbi ulimtazama. Hapo ndipo mtu angejua moyo wake ulivyokuwa. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu akiwa na miaka sita, na lilikuwa limefika kwenye meno.

Aliinua mikono akamfasiria Mwalimu: "Wewe dada, lugha hizi zote mbili unazijua. Hebu tuambie kwa ukweli, unaonaje?" Kisha akashusha mikono mapajani, akanyamaza.

Babu Ngano alidhani hakusikia, akarudia. Naye akafasiri tena, neno kwa neno, akanyamaza tena.

"Nilitamani kiti kinimeze," anakumbuka. "Lakini ningejibu, tangu siku ile Mwalimu angekuwa amekwisha. Kila hoja yake ingekuwa yangu. Wangesema, huyu mama anajisemea."

Mwalimu ndiye aliyejibu. "Mkalimani yuko kazini, hana maoni. Mimi ninayo. Nitazameni mimi." Halafu akamwomba Mama Mikono kitu ambacho hakuwahi kumwomba katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja. Alimwomba asimpe sauti. Akae tu.

Akasimama, akavua koti, akaanza kusimulia bila sauti yoyote.

Ilikuwa hadithi ambayo watoto viziwi huambiana mabwenini. Mlinzi mpya ameajiriwa shuleni, na hakuna aliyemwambia ni shule ya namna gani. Jioni anaona moshi jikoni. Anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Watoto wanakula tu. Anapuliza tena, anakaribia kuanguka, na mtoto mmoja ananyanyua sahani kuomba aongezewe maharage. Mlinzi anauzima moto peke yake. Asubuhi anakwenda kwa mwalimu mkuu, anapiga saluti na kusema: hawa watoto wapelekwe jeshini, maisha yangu sijaona mashujaa namna hii.

Mwalimu alikuwa mlinzi, alikuwa filimbi, alikuwa moshi, alikuwa yule mtoto wa maharage. Mchongaji ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Ilipofika saluti, mwenyekiti alikuwa anafuta macho kwa shali yake, na hakuna aliyekuwa anamtazama mkalimani.

"Kukaa na mikono mapajani siku ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya," anasema Mama Mikono. "Sikufanya lolote, na niliporudi nyumbani mgongo uliniuma siku mbili."

Babu Ngano hakucheka kwa sauti. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, na alipofungua mdomo, aliuliza maswali ya ufundi wake. Hadithi hii uliipata kwa nani? Kwa wakubwa wangu bwenini, alijibu Mwalimu. Nao? Kwa waliowatangulia. Shule nyingine inasimuliwa hivihivi? Hapana, kule upande wa pili mlinzi ana kengele badala ya filimbi, na mwishoni anaacha kazi kwa aibu ya kuzidiwa ushujaa na watoto.

Mzee akaegemea kiti. Aliyekuwepo anasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

"Ina fanani anayeisimulia, ina hadhira, imepokewa na inatofautiana kila inapokwenda," alisema. "Jamani, hii ni ngano. Nimezitafuta nchi nzima na kinasa sauti, na hizi zisingeingia kwenye kinasa sauti hata siku moja. Ninaondoa pingamizi langu, na naomba nipewe mimi niandike aya yake."

Aliiandika. Ndiyo aya inayosubiri kusomwa leo.

Saa tatu na nusu ukumbi umejaa. Mama yake Mama Mikono ameletwa na mjukuu, akakalishwa kiti cha mbele cha wageni. Ni mwanamke mwembamba mwenye sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, ya tatu, anasema binti yake, huwa haijulikani iliko. Anainamisha kichwa upande wa kulia, upande wa jicho linaloona. Mama na binti wanasalimiana kwa mbali, na binti anageuka, kwa kuwa zamu ni yake.

Ofisa wa wizara anasimama kutetea maoni ya wizara. Ni mtu nadhifu, maneno yake ameyapanga. Anasema lugha ikiingia lengo la kwanza, serikali itawajibika kuifundisha vyuoni, kuhifadhi hadithi zake, na kuweka wakalimani kwenye ofisi za umma. Ni mzigo. Sura ya tisa ingetosha kwa kuanzia. Mama Mikono anafasiri yote.

Kisha ofisa anakohoa. "Na kuna jambo jingine, nalisema kwa heshima. Tunafahamu kwamba mkalimani wetu ni mtoto wa wazazi viziwi, na leo mama yake yuko hapa. Tuna hakika gani kwamba hoja tulizozisikia mwaka mzima hazijaongezewa chumvi njiani?"

Mwenzake mkalimani anakohoa kile kikohozi chake cha zamu, akijitolea kuchukua nafasi, japo muda bado. Mama Mikono anatikisa kichwa kukataa.

Anainua mikono. Mbele ya Mwalimu, mbele ya wataalamu wote, na mbele ya jicho moja la mama yake, anafasiri: mkalimani wetu ni mtoto wa wazazi viziwi. Mama yake yuko hapa. Tuna hakika gani. Haruki kitu. Chumvi anaiweka, heshima ya yule bwana anaiweka, na hata kikohozi anakiweka. Uso wake unakuwa uso wa ofisa, mpole na wenye shaka.

Mwalimu anaanza kujibu, na sasa inabidi sauti ya yule aliyeshukiwa ndiyo itoe utetezi wake, kwa nafsi ya mtu mwingine.

"Ofisa ameuliza hakika," inasema sauti, bila kupanda wala kushuka. "Swali lake nimelipata lote, pamoja na sehemu inayomuuma aliyeniletea. Angetaka kupunguza, angepunguza hapo. Mimi hakika nyingine sihitaji. Kuhusu mzigo, ni kweli upo. Kwenye sura ya tisa nimeandikwa kama mtu anayehitaji kitu. Naomba niandikwe pale kwa watu walio na kitu cha kuipa nchi yao."

Ofisa anainamisha kichwa. Anasema neno moja: "Nimeelewa." Anakaa.

Babu Ngano anaomba nafasi na kusema yeye kama mtaalamu hataitoa aya ile, na atakayetaka kuitoa aje na ngano ya kuipinga. Watu wanacheka, hewa inarudi ukumbini. Mwanasheria anaeleza kwamba utekelezaji unaweza kwenda hatua kwa hatua, mradi lengo libaki mahali pake. Mwenyekiti anamuuliza kila mtaalamu kwa zamu. Anapofika kwa Mwalimu, anamtazama Mwalimu, si sauti yake.

Hakuna anayepinga.

Mwenyekiti anavaa miwani na kuanza kusoma. "Lengo la kwanza. Kulinda, kukuza na kurithisha lugha zote za taifa pamoja na hazina ya fasihi iliyomo ndani yake, ikiwemo lugha ya alama ya viziwi, ambayo ni lugha ya utamaduni wa nchi hii."

Mama Mikono anaifasiri kwa mwendo uleule aliofasiria ratiba ya chai. Anapomaliza anashusha mikono. Mwenzake anakohoa, na safari hii Mama Mikono anampisha kiti bila ubishi.

Kikao kikifungwa, anatoka kwenye korido na kuegemea ukuta, akivaa saa na pete tena. Ofisa wa wizara anapita, anasimama, anamwambia, "Dada, nilikuwa kazini." Naye anamjibu, "Hata mimi, kaka." Wanapeana mikono.

Akiulizwa sasa anataka nini, hafikirii sana. Nyumbani kuna chumba cha cherehani chenye dirisha kubwa na mwanga mzuri. Amekwishazungumza na mwenzake na Mwalimu: wataihamishia cherehani sebuleni, waweke viti kwa duara, waanze darasa la wakalimani wapya, jioni mbili kwa wiki. Watu kumi na mmoja wameshajiandikisha, akiwemo yule dada wa mihtasari.

"Hospitali zikianza kutafuta wakalimani, ziwakute wapo," anasema. "Nataka mtoto wa miaka minane akienda na mama yake kwa daktari, akae nje acheze. Kile kiti changu nataka akikalie mtu mzima aliyesomea."

Hana muda wa kuendelea. Mama yake amefika, anashikilia ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamvuta binti yake hadi chini ya dirisha, kwenye mwanga. Binti anafasiri mazungumzo yao kwa ajili ya mwandishi, kwa kuwa hata hapo sheria ni sheria.

Yule bwana alisema nini juu yako? anauliza mama. Binti anampa yote. Mama anasikiliza kwa jicho lake moja, anaitikia kwa kichwa mara moja, basi.

Na yule mama mwenye miwani, alisoma nini? Sikuona vizuri, ulikuwa mbali.

Mama Mikono anarudia lengo la kwanza. Bibi yule ameviweka vidole vyake vyepesi vya fundi juu ya viganja vya mwanawe, ili kile ambacho jicho linakosa mikono ikipate. Inapofika lugha ya alama ya viziwi, lugha ya utamaduni wa nchi hii, anamshika kifundo cha mkono mmoja na kumsimamisha.

Umeniongezea?

Sijakuongezea, mama.

Umenipunguzia?

Sijakupunguzia.

Mama anamtazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyomtazama mwenye nyumba zamani. Kisha anamwachia mkono na kuinamisha kichwa upande wa kulia.

Basi rudia, anasema, polepole. Nataka kuiona yote.

Mama Mikono anashusha mkoba sakafuni, anavua tena saa na pete, na kuanza upya.